Mama wa Mti na Njia ya Maji: Uhakiki wa Kisasili cha Asili ya Wamakonde

Miongoni mwa visasili vinavyoeleza asili ya Wamakonde, kinachojulikana zaidi ni kile kilichoandikwa na Karl Weule, mwanaethnografia kutoka Leipzig aliyezuru Masasi na Newala mwaka 1906 na kuchapisha kitabu chake kwa Kijerumani mwaka 1908. Kisasili hiki hurejelewa mara nyingi katika maandishi ya sanaa, kikichukuliwa kuwa maelezo ya kipaji cha Wamakonde katika uchongaji. Uhakiki huu unakisoma kwa namna nyingine, yaani kama kumbukumbu ya ukoo kuhusu makazi yake. Hoja kuu ni kwamba kisasili kinaeleza vizuri kwa nini wahenga walichagua kuishi mbali na maji, lakini kinanyamaza kuhusu watu walioyabeba maji hayo.

Kwa muhtasari, kiumbe ambacho hakijawa mtu kamili kiliishi peke yake porini. Siku moja kilichonga umbo kutokana na mti na kulisimamisha. Usiku ulipopita, umbo lile likawa mwanamke hai, naye akawa mkewe. Walishuka hadi mto Ruvuma, na huko mtoto wao wa kwanza alizaliwa mfu. Wakavuka nyanda za juu na kuingia bonde la Mbwemkuru. Wa pili naye akazaliwa mfu. Waliporudi juu, mahali panapoitwa Mahuta, mtoto wa tatu aliishi. Ndipo ukaachwa wosia kwamba kizazi chao kikae juu, kiepuke mabonde yenye maji mengi, na kizike wafu wake wakiwa wima, kwa kuwa mama yao aliamka akiwa amesimama.

Kifani, mandhari ya kisasili hiki yana uzito kama wa mhusika. Ruvuma iko kusini mwa uwanda wa Makonde na Mbwemkuru iko kaskazini. Kwa hiyo safari ya wazazi wale inachora mipaka ya nchi. Anayesimama leo Newala, katika ukingo unaoitwa Shimo la Mungu, huona jinsi ardhi inavyoporomoka ghafla kuelekea Ruvuma. Juu ya uwanda, mvua hupenya mchangani, na chemchemi hupatikana chini ya miteremko.

Vifo vya watoto mabondeni vimefasiriwa kuwa ishara ya maradhi. Tafsiri hiyo ina mashiko, lakini historia ya eneo inaruhusu nyingine. Mwaka 1876, Misheni ya Vyuo Vikuu Afrika ya Kati (UMCA) ilianzisha makazi ya watumwa waliokombolewa huko Masasi, chini ya uwanda. Mwaka 1882 makazi hayo yalivamiwa na Wangoni waliojulikana huko kwa jina la Magwangwara, na wamisionari wakahamishia kituo chao Newala kwa miaka kadhaa. Bila shaka kisasili si hati ya historia, wala hakipaswi kufungwa katika tukio moja. Hata hivyo, wosia wa kukaa juu unaeleweka zaidi unaposomwa kama busara ya watu walioona kwamba penye maji pana njia, na penye njia adui hupita.

Kimaudhui, suala zito zaidi ni nafasi ya mama. Jamii ya Wamakonde kwa desturi huhesabu ukoo kuukeni, na mjomba ana mamlaka juu ya watoto wa dada yake. Katika kisasili, hata hivyo, mama wa kwanza hana jina, hasemi neno, wala haamui safari yoyote. Hana mama wala kaka. Mti ndio unaochukua nafasi ya bibi mzaa mama. Kwa njia hiyo masimulizi yanampa mwanamume sifa ya kuanzisha ukoo ambao, kwa desturi, si wake. Mgogoro huu haujitokezi katika usomaji unaoishia kwenye sifa za uchongaji.

Ukimya huo unahusiana na maji. Kukaa juu kulimaanisha kushuka kila mara, na kazi ya kuteka maji ilikuwa ya wanawake na wasichana. Hata baada ya mradi wa maji wa Makonde kuanzishwa katika miaka ya 1950, tatizo la maji halikuisha. Katika kisasili, wazazi wa kwanza hushuka mabondeni mara mbili, kisha hupanda na kutulia. Kwa mabinti zao, kushuka na kupanda huko kuliendelea kuwa kazi ya kila siku. Wosia uliookoa uhai wa watoto ndio pia uliowatwisha mama zao mtungi.

Je, kisasili chenyewe hakikuliona hilo, au ni toleo lililotufikia? Mulokozi (1996) anaichukua fasihi simulizi kuwa tukio linalofungamana na fanani, hadhira, fani, mahali na wakati. Weule alisafiri akiwa na askari wa serikali ya Kijerumani, wakati Vita vya Majimaji vilikuwa vimetikisa kusini yote, na alitegemea wakalimani. Hadhira ya namna hiyo haiwezi kutarajiwa kusimuliwa yote. Toleo ambalo bibi angewasimulia wajukuu zake, au ambalo wanawari wangefundishwa unyagoni, halimo katika maandishi hayo.

Kwa hiyo, kisasili cha Mahuta kinastahili kuendelea kufundishwa, lakini si kama kauli ya mwisho ya ukoo. Mtafiti anayekwenda Newala kutafuta asili ya familia anapaswa kuuliza maswali mawili kwa pamoja: wahenga walihamia wapi, na maji yalitekwa wapi. Swali la kwanza limejibiwa na wazee waliozungumza na Weule. La pili linawahusu zaidi bibi waliowahi kuipita njia ya bondeni, na muda wa kuwasikiliza unazidi kupungua.