Chombo Kimjue Anayekishika

Fundi wa mashua za mashindano hapimwi kwa chombo kilicho mikononi mwa nahodha mzoefu. Nahodha huyo hata gogo atalifikisha. Ufundi huonekana siku usukani unapokabidhiwa mgeni wa tanga, tena mwenye mabaharia wachache na wembamba, nao wakarudi salama na nafasi ya heshima.

Wageni wa namna hiyo hawakosekani Ngara na Biharamulo. Ngara ni nchi ya mito: Ruvubu na Kagera hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo, na huko mtumbwi ni kasia. Biharamulo nayo ilikuwa na ufuko wake wa Ziwa Victoria hadi mwaka 2005, ilipomegwa ikazaliwa Wilaya ya Chato. Kijana wa huko akishuka ziwani huja na mikono yenye nguvu na macho yanayosoma maji. Asichokijua ni upepo, na ziwani upepo ndio wenye kauli: usiku huvuma kutoka nchi kavu ukawatoa wavuvi, mchana hugeuka ukawarudisha, na mvua ya radi ikikaribia hauna ahadi.

Kwa hiyo fundi huanza kwa kupima watu. Tanga likijaa, chombo hulala. Kinachokisimamisha ni uzito ulioko chini na miili inayoegemea upande wa joshi. Miili ikiwa myepesi, tanga lipunguzwe, na lipunguzwe ufukoni. Kuliongeza majini ni kazi ndogo. Kulikunja upepo ukishachafuka kunawashinda hata wazoefu. Wapo wanaoliita tanga dogo woga. Maji yanawakatalia: chombo kikilala mno, mkuku haushiki tena, kinasukumwa ubavu, na usukani unaokazwa kukirudisha njiani unageuka breki. Chenye tanga dogo kilichosimama kitakipita.

Kisha farumi. Viroba vya mchanga huwekwa chini kabisa, katikati, na kufungwa. Kiroba kisichofungwa huteleza upande wa demani saa ileile unapokihitaji upande wa pili. Kwa kuwa mchanga huzamisha chombo kilichojaa maji, fundi mwenye busara hukaza madumu matupu, yaliyofungwa vizuri, chini ya mbao za kukalia.

Lakini ninachokisifu zaidi ni namna anavyouweka mlingoti. Ukilazwa kidogo kuelekea nyuma, chombo hupenda kugeukia upepo. Ukisogezwa mbele, hamu hiyo hupungua. Mzoefu huitafuta hali ya karibu kutokuwa na mvuto. Mwanafunzi huachiwa mvuto mdogo makusudi, ili akishtuka na kuuachia usukani, chombo chenyewe kigeukie upepo, tanga lipigepige, mwendo ufe. Mvuto ukizidi, mkono utachoka kabla ya boya la kwanza. Kipimo hicho hakiko katika kitabu. Fundi hukipata kwa kuushika usukani mwenyewe kwanza.

Kamba ya tanga haifungwi fundo. Huzungushwa mara moja na kubaki mkononi, na mwanafunzi hupewa amri moja: mashaka yakija, legeza. Penye kamba hutiwa alama za rangi, moja ya upepo mwanana, nyingine ya upepo mkali, asije akakisia.

Utaratibu huo haujui mipaka. J/24, mashua ya mashindano iliyobuniwa na Mmarekani Rod Johnstone miaka ya 1970, ina mkuku mzito na kwa kawaida hubeba watu watano. Nayo, wakipanda wepesi, hupewa tanga dogo la mbele mapema na kamba za mlingoti hukazwa upepo unapopanda. Vifaa ni vingine, hesabu ni ileile.

Linabaki jambo lisilo la kamba wala mbao. Manahodha wengi, chombo huenda mrama: kabla ya kusukuma chombo majini, ijulikane nani anatoa amri na nani anavuta kipi.

Nanyi mnaoandaa mashindano ziwani, msimpe kijana chombo kilichotegwa kwa ajili ya bingwa mkasema anajifunza. Mtegeeni chake, mvikeni jaketi la kuokolea, na kwenye zawadi ya ushindi mumkumbuke fundi pia.