Ungo wa Maharagwe wa Afande

Ukiingia kwenye kibanda chake, hatua chache kutoka Barabara ya Uganda hapa Eldoret, jicho lako litaangukia ungo wa maharagwe kabla ya kuona miwani yoyote. Siku ya kwanza nilidhani ni chakula chake cha mchana kinachosubiri kuchambuliwa.

Watu humwita Afande. Alikuwa mwanajeshi, na mwaka 1992 alikuwa miongoni mwa Wakenya waliopelekwa Kroatia katika kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichoitwa UNPROFOR, kusimama kati ya majirani waliokuwa wakiuana. Habari za huko hasimulii. Ukimchokoza sana atakueleza theluji ilivyokuwa, basi. Lakini tazama meza yake: bisibisi zimepangwa kwa ukubwa, kitambaa kimekunjwa mara nne, hakuna chembe ya vumbi. Jeshi lilimtoka mwilini, mikononi likabaki.

Mteja huja na karatasi ya daktari wa macho. Afande huisoma, huiweka kando, kisha huuliza: "Kazi yako iko wapi?" Hataki jina la mtaa. Anataka unyooshe mikono kama unavyoishika kazi yenyewe, naye anapima kutoka jichoni hadi vidoleni kwa tepe ya fundi cherehani. Hesabu yake ni fupi: 100 gawanya kwa sentimita. Jicho la kijana hujikaza lenyewe likaona karibu, lakini baada ya miaka 40 hivi lenzi yake ya ndani huanza kuwa ngumu. Likishachoka kabisa, anayeshona kwa umbali wa sentimita 40 huhitaji nguvu 2.5, seremala mwenye kazi yake sentimita 50 huhitaji 2. Nusu hiyo ikipuuzwa, mtu hurudi nyumbani na maumivu ya kichwa akidhani amerogwa.

Halafu kuna kitovu cha lenzi, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Humkalisha mteja mbele yake, macho kwa macho, akaweka nukta ya wino kwenye kila lenzi mahali mboni inapotulia. Huifuta, huiweka tena. Nimemwona akirudia mara sita kwa mwalimu mmoja ambaye uso wake, kama nyuso zetu nyingi, haukuwa sawa pande zote mbili. Lenzi ya nguvu 4 ikikosa kitovu kwa milimita 5 tu, kitu kilicho mita moja mbele huonekana kimehama sentimita 2. Jicho moja litakivuta huku, jingine kule, na ubongo ndio utakaolipa gharama. Miwani ya kuuzwa kwenye toroli haijui uso wa mtu yeyote.

Kusaga ni kazi ya sikio. Lenzi huzunguka kwenye jiwe chini ya maji, na mlio ukipanda kidogo yeye hulegeza mkono kabla hata ya kuangalia. Lenzi zenyewe nyingi si kioo, ni plastiki iitwayo CR-39, iliyotoka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1940 na kutumika kwenye mifumo ya mafuta ya ndege za kivita za B-17 kabla ya kugeuzwa miwani mwaka 1947. Nilipomwambia hivyo aliigeuza ile aliyoshika, akaitazama kama mtu aliyekutana na mwenzake wa kambini, akaendelea kusaga.

Fremu huipasha kwenye kisanduku cha shanga ndogo za kioo zenye moto, kisha huipinda kwa vidole. Asubuhi za Julai, kwenye mji huu ulio karibu mita 2,100 juu ya bahari, plastiki baridi huvunjika ukiiharakisha. Naye haharakishi. Nimewahi kungoja saa tatu, nikiwa na njaa, huku maharagwe yananitazama. Na tuseme ukweli: fremu anazopenda ni mbaya. Nzito, za kahawia, kama za karani wa zamani.

Wiki jana alikuja bibi mmoja kutoka upande wa mji mdogo wa Ziwa. "Chamgei, Kogo," Afande akamsalimu nyanya huyo kwa Kikalenjin, akamvisha miwani, akakaza mkono wa kushoto kidogo, akamvisha tena. Hakumwonyesha ubao wa herufi. Alimsogezea ungo. Humo huficha changarawe nne, zenye rangi ya maharagwe yenyewe.

Kogo akainama. Ya kwanza, ya pili. Ya tatu ilichukua muda. Ya nne akaiweka kaunta bila kusema neno, Afande akaanza kukunja kitambaa chake.

Kogo hakuinuka. Kidole chake kilikuwa bado kinatembea kwenye ungo.

"Afande," akasema, "haya maharagwe yako yameingiwa na dudu."