Sukari ya ndizi ya Tukuyu hutoka hewani

Ukiuliza Tukuyu kwa nini migomba ya huku inabeba mikungu mikubwa, utajibiwa ni udongo. Kweli, udongo wa volkano wa Rungwe unaulisha mgomba madini. Lakini sukari haitoki humo. Hutengenezwa kwa maji na hewa ya ukaa, ambayo ni lita 4 hivi tu katika kila lita 10,000 za hewa. Hata kule Busokelo, ambako hewa hiyo hububujika toka ardhini karibu na Mlima Kyejo na TOL Gases huivuna kwa ajili ya viwanda, mgomba hauinywi kwa mizizi. Huivuta kwa majani, kupitia vitundu ambavyo vingi viko upande wa chini.

Ndani ya jani, umbijani hunasa mwanga, na nguvu yake hupasua maji. Oksijeni hutoka nje. Nguvu iliyobaki huendesha hatua ya pili, ya kuunga kaboni. Hatua hiyo ilifumbuliwa Berkeley, Marekani, na Melvin Calvin, Andrew Benson na James Bassham. Waliulisha mwani kaboni yenye mionzi, wakauua baada ya sekunde chache, kisha wakatafuta mionzi imefikia wapi. Zao la kwanza lilikuwa na kaboni tatu. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1961 alipewa Calvin peke yake. Kwa maoni yangu Benson alidhulumiwa.

Kinachounga kaboni ni kimeng'enya kiitwacho rubisko. Ni kizito: hushika molekuli chache tu kwa sekunde, na mara nyingine hukosea kikashika oksijeni. Joto likipanda, makosa huzidi. Mahindi yana njia ya kukisogezea hewa ya ukaa kwa wingi ili kisikosee, mgomba hauna. Ubaridi wa Tukuyu, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, hupunguza makosa hayo, ingawa pia huchelewesha mkungu kukomaa.

Sukari husafiri kutoka kwenye jani hadi kwenye mkungu, ikageuzwa wanga. Ndizi ikiiva, wanga hurudi kuwa sukari. Ndiyo maana ndizi mbichi haina utamu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na desturi ya kukata majani ya mgomba uliobeba ili kulisha ng'ombe wa zizini. Mkungu ukishachomoza, mgomba hautoi tena jani jipya. Yaliyopo ndiyo yatakayojaza kila kidole hadi siku ya kuvuna. Jani lililokauka au lenye ugonjwa liondolewe. Bichi likikatwa, hakuna la kushika nafasi yake. Ng'ombe apewe shina la mgomba uliokwisha kuvunwa, na majani yake.