Neno "Maumivu" na Mzigo Lisiouweza

Fomu za tiba zinazoletwa kwetu ili tafsiri zake zihakikiwe zina kasoro moja ambayo yafaa tuijadili mbele ya wafasiri na walimu. Pale ambapo mwandishi wa asili ametumia maneno kumi kueleza jinsi mwili unavyouma, mfasiri hutumia neno moja tu, "maumivu", kisha akalivika vivumishi: maumivu makali, maumivu ya kudunda, maumivu ya kuchoma. Mgonjwa wa Mji Mkongwe au wa shamba hasemi hivyo. Husema kichwa kinamwanga, jipu linapwita, tumbo linamsokota, koo linamkereketa, ana kichomi. Maneno haya si mapambo. Kila moja limekwisha kutaja namna ya maumivu, na mara nyingi hata mahali pake.

Kuyagawa maumivu kwa namna zake si jambo geni. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alitaja aina 15 katika kitabu chake cha Kanuni ya tiba. Mwaka 1975 Ronald Melzack wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alitangaza orodha ya maneno 78 ya kumwuliza mgonjwa. Manufaa yake ni ya matibabu: maumivu ya neva zilizodhurika, ambayo wagonjwa wengi huyafananisha na kuungua au kuchomwachomwa, mara nyingi hayatulizwi na vidonge vya kawaida. Anayeandika "maumivu makali" tu amemficha daktari dalili hiyo.

Kuna pia wanaoyakimbia majina ya zamani kwa kuyaona si ya kisayansi. Tuchukue "baridi yabisi". Yabisi ni kavu. Jina hili limetoka katika elimu ya Wayunani iliyoendelezwa na Waarabu, kwamba mwili una joto na baridi, unyevu na ukavu, na kwamba maradhi ni kuzidiana kwa hali hizo. Kwa fikra hiyo, viungo vilivyoshikwa na baridi hutafutiwa joto, kwa kuchuliwa na kukandwa. Mfasiri mmoja alilifuta jina hili akaandika "rumatizimu". Neno hilo nalo asili yake ni la Kiyunani lenye maana ya mtiririko, kwa imani kwamba maji mabaya hutiririka mwilini! Ikiwa yote mawili ni ya kale, kwa nini tuliache lile ambalo bibi zetu wanalielewa?

Kasoro iliyo kubwa zaidi imo katika "dawa ya usingizi". Etha ilionyeshwa hadharani katika upasuaji huko Boston mwaka 1846, na klorofomu ikafuata mwaka 1847. Kabla ya hapo mpasuaji alitegemea zaidi wepesi wa mkono wake. Kiswahili kilikwisha kujipatia maneno mawili yaliyo wazi: "nusukaputi" kwa aliyepotezwa fahamu, na "ganzi" kwa sehemu iliyozimwa hisi. Hili la pili halikuwa geni kwa watu wa Unguja, kwani mafuta ya karafuu hutia jino ganzi, na waganga wa meno huyachanganya na oksidi ya zinki kuzibia jino kwa muda. Leo fomu nyingi huyaita yote mawili "dawa ya usingizi". Anayeng'olewa jino akaambiwa hivyo hutaharuki ajionapo macho. Naye anayekwenda kupasuliwa aweza kudhani ni vidonge vya kulalia, asione sababu ya kusema kwamba amekunywa uji asubuhi. Na chakula tumboni mwa mtu aliyetiwa nusukaputi chaweza kupanda kikaingia mapafuni na kumwua.

Tunapendekeza basi kwamba katika fomu za ridhaa paandikwe "utatiwa nusukaputi" au "utatiwa ganzi", kwa kadiri ya tendo lenyewe, na kwamba "dawa ya usingizi" ibakie kwa mtu aliyekosa usingizi.