Sarakasi na Mwili Unaorefuka

Jumapili jioni maji yakipwa, mchanga wa Pirates, kule Bamburi upande wa Kisauni, hukaza kama sakafu. Hapo ndipo vijana wa sarakasi hujifua, wengi wao bado wanafunzi. Piramidi yao ina mpango usiobadilika: wenye mabega mapana na mapaja mazito hukaa chini, wembamba hushika katikati, na mwepesi kuliko wote hupandishwa kileleni.

Kwa hesabu ya uzito, wako sahihi. Kosa huja pale mtoto anapopewa nafasi akiwa na miaka 11, kisha akasahaulika nayo. Mmarekani William Sheldon, aliyegawa maumbile ya watu katika aina tatu mwaka 1940, aliamini kuwa aina ya mtu haibadiliki maisha yake yote. Mwaka 1967 Barbara Heath na Lindsay Carter walimpinga: umbo lipimwe lilivyo leo, na baadaye lipimwe tena. Kwa watoto wa sarakasi, hao wawili ndio wa kufuatwa.

Chukua mtoto wa sentimita 140 akafika 154, umbo lake likiwa lile lile. Uzito umepanda kwa theluthi moja. Ugumu wa mwili wake kuzunguka hewani umepanda kwa asilimia 60, ilhali nguvu za misuli zimeongezeka kwa asilimia 20 hivi. Mruko alioumaliza kwa wepesi mwaka jana, sasa ardhi inamuwahi.

Nililiona hilo kwa macho yangu. Mvulana aliyerefuka ghafla alikimbia, akapiga pindu, akatua magoti yamenyooka, na kifundo cha mguu kikapinda kwa ndani. Wenzake wakamkimbilia kumchua. Jamani, msichue! Kifundo kilichoteguka muda huo huo hutaka barafu, bendeji na kuinuliwa, na muuza juisi mwenye barafu alikuwa hatua chache tu kutoka pale.

Mikono nayo ina hatari yake. Karibu na kiganja, upande wa kidole gumba, ncha ya mfupa wa mtoto bado ina gegedu linalokua, na kila anapojirusha kwa viganja hubeba kishindo cha mwili mzima. Akilalamika maumivu hapo wiki baada ya wiki, asiambiwe ni mvivu; apumzishwe, apelekwe kwa daktari.

Mwalimu wao alimrudisha yule mvulana kwenye kubiringika mchangani, kisha akaanza kuwapima wote kwenye shina la mnazi, kwa chaki, kila mwezi. Alama za mvulana huyo za Januari na Julai zimeachana vidole vitatu. Kileleni sasa hupanda mwingine.