Bega Kwanza: Namna Mtumba Unavyojenga Mtindo na Kona ya Nyumba

Koti la mtumba linalokaa vizuri mwilini limefanyiwa kazi mara mbili: kwanza sokoni, kwa jicho na vidole, kisha kwa fundi cherehani. Wapita njia huona matokeo tu na kusema mwenye koti ana bahati ya kupata nguo. Nataka kuifungua kazi hiyo ionekane, kwa sababu bahati haifundishiki ila kazi inafundishika, na kwa sababu jicho lile lile linalochagua koti ndilo linaloweza kuipanga kona ya sebule kwa mapazia na mashuka yaliyotoka kwenye belo.

Nguo zinazomwagwa Karume jijini Dar es Salaam, Gikomba Nairobi, Memorial Moshi au Owino Kampala huwa zimeshachambuliwa mbali kabla ya kufika bandarini. Ziwe zimetoka Ulaya, Marekani au Kanada, mara nyingi zimepita kwenye maghala ambako hutengwa kwa aina na kwa daraja: mashati ya kiume peke yake, magauni peke yake, mapazia peke yake. Kisha hukandamizwa kwa mashine na kufungwa mikanda. Belo la kawaida la nguo lina kilo 45 hivi. Kwa sababu ya utengaji huo, muuzaji wa mapazia ana mapazia tu, na anayetafuta kitambaa kizito cha kona ya nyumba hana haja ya kupoteza asubuhi nzima kwenye mashati. Belo likifunguliwa, wenye maduka huchagua kwanza. Nairobi vipande hivyo vya juu huitwa kamera, na mabaki ya mwisho huitwa fagia. Mimi fungu la mwisho silidharau. Wanaochagua mwanzo hufuata chapa na hali ya nguo, maana ndivyo vinavyouzika dukani; kitambaa chenyewe hawakijali sana. Gauni lililochanika kwapa, lakini lenye mita mbili za kitani safi kwenye sketi yake, linaweza kabisa kukutwa chini ya rundo jioni.

Kitambaa husomwa kabla ya mtindo. Lebo nyingi zimekatwa au zimeandikwa kwa lugha isiyosomeka hapa, kwa hiyo kipimo cha uhakika ni moto: huchomolewa uzi mmoja ndani ya pindo na kuguswa na kiberiti, nyumbani au kwa fundi. Pamba huungua upesi kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini. Sufu hunuka nywele zilizoungua na huelekea kuzimika yenyewe. Poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu. Sokoni, mahali ambapo kiberiti hakiruhusiwi, kiganja hutosha: ukilifumbata shati kwa nguvu kisha ukaliachia, kitani hubaki na mikunjo mikali, pamba hubaki na mikunjo ya kiasi, poliesta hurudi karibu kama ilivyokuwa. Katika joto la pwani jambo hili si la anasa. Poliesta hainywi jasho, na harufu huing'ang'ania hata baada ya kufuliwa.

Baada ya hapo nguo inyanyuliwe juu dhidi ya mwanga. Viwiko, makalio na sehemu ya ndani ya mapaja ndizo huchakaa mwanzo, na mwanga hupenya pale nyuzi zilipopungua hata kama kwa nje rangi ni nzima. Fulana ikaguliwe mishono ya ubavuni. Mshono ukiwa umezunguka kuelekea tumboni, kitambaa kilikatwa bila kufuata uelekeo wa nyuzi zake, na hakuna pasi wala fundi atakayeirudisha nguo hiyo mahali pake. Shati la miraba lina ushahidi wake: tazama kama miraba ya mfuko wa kifuani inakutana na miraba ya shati chini yake. Ikikutana, aliyelishona alikubali kupoteza kitambaa ili kazi iwe sawa, na aghalabu mtu wa namna hiyo hakuharakisha popote pengine.

Koti ndilo linalowapotezea watu fedha nyingi kuliko nguo zote, na chanzo ni kuanza na kiuno. Watu hulijaribu, huona limewapwaya tumboni, hulirudisha. Au huona limebana vizuri tumboni, hulinunua, bila kuangalia bega. Kiuno cha koti ni kazi nyepesi: fundi hufungua bitana, huingia kwenye mishono ya ubavuni au ule wa mgongoni, hubana, hufunga. Bega ni jambo jingine kabisa. Hapo hukutana kichwa cha mkono, pedi, bitana na tabaka la ndani linalolipa koti umbo. Ukilipunguza bega lazima mkono mzima utolewe, tundu lake lichongwe upya na mkono urudishwe ukiwa umezunguka sawasawa. Mafundi wenye subira hiyo wapo, lakini malipo yao yanaweza kuzidi bei ya koti mara kadhaa. Kwa hiyo kanuni ni moja: mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Likishakaa hapo, mengine yote yanajadilika. Mikono mirefu hufupishwa kutoka mwishoni, isipokuwa ile yenye vitufe vinavyofunguka kweli. Hiyo hulazimu kufupishwa kutoka begani, na tumerudi kwenye ugumu ule ule.

Lipo jaribio jingine dogo ambalo ningependa kila mnunuzi wa makoti alijue. Shika kitambaa cha mbele chini ya tundu la kitufe, nje kwa kidole kimoja na ndani kwa kingine, kisha vivute vitengane. Ukihisi tabaka la tatu linaelea katikati peke yake, koti limejengwa kwa kushonwa. Ukihisi kila kitu kimegandana, tabaka hilo limebandikwa kwa gundi, na koti la aina hiyo hufika siku likaota mapovu kifuani kwa sababu ya maji na joto la pasi. Yote mawili huvalika, ila yasinunuliwe kwa bei moja.

Suruali ni rahisi zaidi. Zile za vitambaa za kiume huachwa na akiba ya kitambaa kwenye mshono wa nyuma wa kiuno, kwa hiyo huweza kuongezwa kidogo pamoja na kupunguzwa. Geuza uone ndani. Lakini nguo iliyozidi mwili kwa saizi mbili na zaidi iachwe, kwani fundi akiibana kiasi hicho mifuko ya nyuma husogeleana mpaka inakaribia kugusana, na macho yote hukimbilia hapo. Namba za saizi zisiaminiwe sana, maana belo moja linaweza kuchanganya vipimo vya Marekani, Uingereza na Ulaya bara. Shati lako linalokukaa vizuri lipimwe likiwa limelazwa, bega hadi bega na kwapa hadi kwapa, na vipimo hivyo viandikwe kwenye simu. Futi ya cherehani haichukui nafasi mfukoni.

Sasa mtindo wenyewe. Mtumba una sifa moja inayobadilisha kila kitu: kila kipande kimekuja peke yake. Huwezi kurudi kesho kuomba rangi nyingine ya sketi ile ile. Kwa hiyo anayepanga kabati lake kwa kufikiria nguo moja moja atakusanya vitu vizuri visivyosemezana. Anayefanikiwa huweka mipaka kabla ya kwenda sokoni: rangi mbili au tatu za msingi, aina chache za vitambaa, umbo moja la suruali linalomfaa. Ndani ya mipaka hiyo anaweza kubeba chochote, na kanga au kitenge kikaongezwa juu bila kugombana na kitu. Wengine wataona mipaka inaua uhuru wa kujipamba. Nimewatazama wavaaji wazuri wa mtumba, na naamini mpaka ndio unaowapa uhuru, kwani unawawezesha kuchanganya nguo za nchi tano mwilini zikaonekana za mtu mmoja.

Mbunifu Bobby Kolade wa Kampala ameifanya kanuni hii ionekane wazi kupita yeyote ninayemfahamu. Baada ya kufanya kazi kwenye nyumba kubwa za mitindo Paris, alirudi Uganda akitaka kutumia pamba ya nchi hiyo, akakuta viwanda vya kuigeuza kitambaa vimebaki vichache mno. Akageukia Owino. Kupitia chapa yake ya Buzigahill alianza mwaka 2022 kuuza mkusanyo alioupa jina Return to Sender: mtumba unakatwa, unaunganishwa upya na kuuzwa huko huko ulikotoka. Chukua fulana yake ya vipande vinne. Fulana zenye rangi na maandishi yasiyohusiana hugawanywa, na robo zake hushonwa pamoja. Zingepangwa ovyo zingekuwa viraka. Kinachoziokoa ni kwamba migawanyo imenyooka, na umbo la nje ni la fulana ya kawaida isiyo na mbwembwe. Fujo yote imewekwa ndani ya mstari mtulivu. Kila nguo huambatana na pasipoti yake inayoeleza malighafi ilitoka wapi, na hilo nalipenda, maana ukuaji wa biashara hii una historia ya siasa pia: Rwanda ilipopandisha ushuru wa mtumba mwaka 2016 kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, Marekani ilijibu mwaka 2018 kwa kuzisimamishia nguo za Rwanda nafasi ya kuingia soko lake bila ushuru chini ya AGOA, sheria yake ya biashara na nchi za Afrika. Nguo tunayoikunja pindo imebeba mambo hayo.

Tatizo la kuunganisha vitu vya mbali visivyofanana lina jibu la zamani katika mwambao wetu. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18, ukuta wa mwisho wa chumba cha ndani ulijengwa zidaka, yaani matundu ya kuwekea vyombo, safu kwa safu, kwa lipu ya chokaa iliyochongwa. Humo ziliwekwa sahani na bakuli kutoka China na vyombo vingine vilivyoletwa na majahazi. Chumba chenyewe kilikuwa chembamba, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Kwa kawaida haukufika mita tatu. Wajenzi hawakuupigania upana. Walizipanga nafasi za kupitia zitazamane, kutoka kiwanda (ua wa nyumba), kupitia misana (vyumba vya mbele), mpaka ndani, jicho la anayeingia likasafiri moja kwa moja na kutua kwenye zidaka. Ukuta mweupe, matundu yenye kingo safi, na chombo kimoja kimoja ndani yake. Bakuli la buluu na sahani ya rangi nyingine vilikaa jirani bila ugomvi kwa sababu kila kimoja kilikuwa na fremu yake.

Chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi kina shida ile ile, na kinaweza kutumia jibu lile lile bila kuchonga chokaa. Chagua kona moja tu, ile inayoonekana mlango unapofunguliwa. Iwekee kingo: mkeka wa ukindu chini, rafu moja ukutani, pazia upande mmoja. Kisha ondoa vitu mpaka kila kilichobaki kiwe na nafasi tupu pembeni yake.

Pazia ndilo lenye faida kubwa kuliko vyote kwenye mtumba wa nyumbani, maana mengi yaliyoshonwa kwa ajili ya nchi za baridi huja marefu, mazito na yenye bitana, na bitana hukikinga kitambaa cha mbele na jua letu linalochujua rangi. Upana wa mapazia yote mawili ukijumlishwa uwe karibu mara mbili ya upana wa dirisha. Ukipungua sana hunyooka kama shuka kwenye kamba. Fimbo ipande juu ya dirisha na ipite kingo zake pande zote mbili, ili mapazia yakifunguliwa yasikae mbele ya kioo. Dirisha dogo litaonekana kubwa na mwanga wote utaingia.

Mito ya kochi haihitaji zipu. Shati la kiume la pamba au la miraba, likifungwa vitufe na kulazwa, hukatwa mraba wa sentimita 47 kifuani na mgongoni kwa mto wa 45, hushonwa pande zote nne, na vitufe vya shati vyenyewe vinakuwa mlango wa kuingizia mto. Sweta ya sufu iliyoliwa na nondo nayo ina kazi: ifuliwe kwa maji ya moto na kusuguliwa mpaka ijikaze, baada ya hapo hukatwa bila kufumuka na kufunika kigoda vizuri kabisa.

Taa iwe chini ya usawa wa macho na ya mwanga wa manjano. Balbu nyeupe za juu hupausha rangi za joto, na nyekundu uliyoipenda sokoni hufa usiku. Ukimaliza, piga kona picha kwa simu bila rangi, nyeusi na nyeupe. Ikiwa kila kitu kimekuwa kijivu kimoja, kinakosekana kitu cheusi au cheupe, hata kama rangi zenyewe ni nyingi. Jaribio hilo hilo linafaa kwa nguo ulizozivaa mbele ya kioo.

Kuhusu fedha, nashauri mgawo ambao huwashangaza wengi: shati la bei ndogo, na malipo ya fundi sawa na bei ya shati au zaidi. Fundi mwema apewe muda, nguo ipimwe ikiwa imefuliwa na kukauka, kwa sababu pamba huweza kurudi kidogo baada ya maji. Na vipande anavyokata pindoni na mikononi vidaiwe vyote, hata vidogo, na kuwekwa kwenye mfuko. Kiwiko kikitoboka mwaka ujao, hakuna duka lenye kitambaa cha rangi ile na uchakavu ule isipokuwa mfuko huo wa mabaki.