Kasha la bei chini: tusome karatasi, tusiangalie taa

Wandugu wahitimu, wengi wetu tukitafuta kasha la ordinatere la bei chini, tunachagua lile lenye kioo na taa, halafu tunafurahi kusikia alimantasio imo ndani. Minaona ni kama kununua mbegu kwa picha ya mfuko. Kasha lenyewe ni bati tu. Alimantasio ndiyo inalisha kila kitu, na ndiko mara nyingi mtengenezaji anabania pesa.

Basi fungua ubavu, usome karatasi iliyobandikwa. Kama imeandikwa wati 500, lakini ku mstari wa volti 12 iko ampea 18 tu, piga hesabu: 12 mara 18 ni wati 216. Prosesa na karte grafike zinakula hasa ku ile 12. Wati zingine zimehesabiwa ku mistari ya 3.3 na 5, ambako mashine ya leo haiombi sana.

Angalia na nyuma. Kibatani cha 115/230 kikibaki ku 115, umeme wetu wa 220 unaweza kuiunguza papo hapo. Bora ile imeandikwa 100–240: umeme ukishuka jioni, inavumilia zaidi.

Hukumu yangu: kwa mashine ya kuandikia memwari, bila karte grafike, lile kasha linatosha kama hesabu ya 12 inatosha. Ukitaka karte, nunua kasha tupu lenye matundu mbele ya kupitisha hewa, na alimantasio kando. Taa zitangoja.